Kuku mmoja, karai moja, watu sita

Leo weka daftari la hesabu pembeni kidogo, chukua kisu na ubao. Somo la toleo hili ni la jikoni: kukaanga nyama ya kuku pamoja na mboga kwenye karai, haraka haraka, motoni mkali. Najua wengine mtasema, "Aa, mapishi tena! Hiyo si kazi ya dada?" Subiri kwanza. Ukifika mwisho utaona kwamba ndani ya karai kuna fizikia, kuna baiolojia, na kuna jambo moja zito linalozihusu nyumba nyingi za Ufipa.

SHIBE SI LISHE

Tuanze na hilo zito. Ukiwa Kasense, au kata nyingine yoyote ya pembeni ya Manispaa ya Sumbawanga, tazama mashambani. Utaona nini? Mahindi, maharage, ulezi, alizeti, ngano, viazi. Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi hii. Magunia yanapakiwa hapa kila mwaka kwenda kulisha watu wa mbali.

Sasa sikiliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa huu huu wa Rukwa, karibu watoto 50 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania nzima ni kama watoto 30 kati ya 100. Yaani mkoa wenye magunia unashinda mikoa mingi kwa watoto waliodumaa! Inawezekanaje?

Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, kwa sababu mwili haukupata vya kutosha vya kujijengea kwa muda mrefu. Wala si urefu tu. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, na akili yake inaweza kuchelewa kukua. Sababu zake ni nyingi: lishe ya mama wakati wa ujauzito, kuharisha kwa ajili ya maji na mikono michafu, mama kuwa na kazi nyingi hadi anakosa muda wa kumlisha mtoto. Lakini mojawapo iko mbele yetu kila jioni: sahani yenye mlima wa ugali na kijiko kimoja cha mboga. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Wazee wetu wakisema mtoto "ameshiba", wanasema kweli. Ila shibe ni kitu kimoja, na lishe ni kitu kingine.

"Sasa mimi wa kidato cha pili inanihusu nini?" Inakuhusu kwa sababu tatu:

1. Mwili wako nao bado unakua. Kipindi hiki cha kubalehe unahitaji protini, madini na vitamini kuliko baba yako anavyodhani. Msichana anayepata hedhi hupoteza madini chuma kila mwezi. Asipoyarudisha kwa chakula, damu hupungua: anachoka ovyo, anasikia kizunguzungu, anasinzia darasani, na mwalimu anadhani ni mvivu.

2. Una wadogo zako. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo muhimu kupita zote katika kuzuia kudumaa. Na nyumbani kwenu nani hulisha mtoto mama akiwa shambani? Mara nyingi ni wewe.

3. Kesho utakuwa mzazi. Anayejifunza leo hatahangaika kesho.

KWA NINI KARAI?

Upishi huu wa kukata vitu vidogo vidogo na kuvigeuza haraka kwenye chombo cha moto ulianzia China. Wachina si wageni kwetu. Ndio waliojenga pamoja nasi na Wazambia reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli hiyo inapita Tunduma, pale unapofika ukitoka Sumbawanga kwa barabara. Hata ile mboga tunayoiita chainizi, jina lake lenyewe linakuambia ilikotoka. Wenzetu hao wana chombo cha chuma chenye tumbo la duara. Sisi hatuna haja ya kukitafuta: karai la kukaangia maandazi linafanya kazi ile ile.

Faida zake ni hizi:

• Mkaa na kuni hutumika kidogo. Moto ni mkali lakini ni wa dakika chache.

• Vitamini nyingi hubaki. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na joto la muda mrefu. Mboga ukiichemsha nusu saa halafu ukamwaga maji yake, umemwaga na dawa.

• Mafuta kidogo yanayotumika husaidia mwili kunyonya vitamini A iliyomo kwenye karoti na majani ya kijani. Karoti bila mafuta hufanya nusu ya kazi.

• Nyama kidogo huenea kwa watu wengi. Hapa ndipo penye siri yote, tutaparudia.

FIZIKIA YA UFIPA

Mwalimu wako amekufundisha kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ni kweli, ukiwa Dar es Salaam kando ya bahari. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa kama meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 94 hivi. Ukishachochea moto namna gani, maji yaliyo kwenye sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo. Yanageuka mvuke tu. Ndiyo maana maharage ya Ufipa yanakula kuni nyingi, na jogoo mzee anakataa kuiva. (Usiogope kuhusu maji ya kunywa: nyuzi 94 zinatosha kabisa kuua vijidudu. Yaache yachemke kwa nguvu dakika moja nzima.)

Mafuta ni habari nyingine. Mafuta yaliyo kwenye karai hayachemki kwa nyuzi 94. Hupanda hadi 180 na zaidi, uwe Ufipa au Tanga. Nyama huanza kupata ile rangi ya kahawia na harufu inayomwita jirani ikivuka nyuzi kama 140. Umeelewa sasa kosa la wapishi wengi? Wanajaza karai mpaka juu. Nyama na mboga vinatoa maji, karai linapoa, na chakula kinachemka kwenye maji yake badala ya kukaangika. Kanuni ni hii: KIDOGO KIDOGO, MARA MBILI.

MAHITAJI (watu 6)

• Kuku 1 wa wastani. Kidari na mapaja utayatoa mifupa, upate nyama tupu kama gramu 400. Ini na firigisi usivitupe wala usivifiche!
• Karoti 3
• Kabichi robo
• Pilipili hoho 1 kubwa
• Chainizi fungu 1 (au mchicha, figiri, majani ya maboga)
• Vitunguu maji 2
• Nyanya 2
• Vitunguu saumu punje 4
• Tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
• Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 4
• Unga wa ngano kijiko kidogo 1
• Chumvi yenye madini joto, kijiko kidogo 1 kisichojaa
• Ndimu au limau 1

Ukikosa hoho, pika bila hoho. Ukikosa tangawizi, dunia haiishi. Cha kuzingatia ni rangi: weka angalau mboga moja ya kijani na moja ya rangi ya machungwa au nyekundu.

Je, kuku ni mzee? Basi usimpeleke karaini moja kwa moja, atakuwa kama kandambili. Mchemshe kwanza kwenye sufuria yenye mfuniko hadi alainike, saa moja na nusu au mbili, ndipo umkate na kumkaanga kidogo. Kuku mchanga ndiye wa kukaanga akiwa mbichi.

USAFI KABLA YA MOTO

Nyama mbichi ya kuku inaweza kubeba vijidudu vya salmonela na vingine vinavyoleta kuhara na homa kali. Joto huviua, lakini joto haliwezi kuua vilivyoruka kwenye kachumbari! Kwa hiyo:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, na tena baada ya kushika nyama mbichi.

2. Kata mboga KWANZA, nyama baadaye. Wengi tuna ubao mmoja na kisu kimoja tu, hivyo utaratibu huu ndio kinga yako. Ukimaliza nyama, osha ubao na kisu kwa sabuni na maji ya moto.

3. Kuku uliyemchinja nyumbani msuuze taratibu ndani ya beseni, wala usimmwagie maji yakaruka kila mahali. Maji hayo yamwage mbali na vyombo.

4. Osha mboga kabla ya kuzikata. Ukizikata kwanza na kuziloweka, vitamini zinabaki kwenye beseni.

5. Usichinje kuku anayesinzia kwa ugonjwa ukasema "tumuwahi kabla hajafa". Hujui anaumwa nini. Aliyekufa mwenyewe afukiwe.

HATUA KWA HATUA

Mapema: mifupa, shingo, mgongo, miguu na firigisi vitie kwenye sufuria, vichemke taratibu upate supu. Firigisi ikilainika itoe, ikate nyembamba.

Kisha kata nyama iliyobaki vipande vyembamba kama kidole kidogo, ukikata kwa kukingamisha nyuzi zake ili iwe laini. Vipande vyote viwe saizi moja. Ukichanganya vikubwa na vidogo, hivi vitaungua na vile vitabaki vibichi. Karoti zikate nyembamba zaidi kuliko kabichi, maana ni ngumu. Kila kitu kiwe tayari pembeni. Ukishawasha moto hakuna muda wa kumtuma mtoto dukani!

1. Bandika karai kavu hadi lipate moto sawasawa. Tia mafuta vijiko 2. Hakikisha hakuna maji ndani, la sivyo mafuta yatakurukia.

2. Tia nusu ya nyama. Itandaze, iache nusu dakika ishike rangi, kisha geuzageuza kwa dakika 4 au 5. Pasua kipande kinene kuliko vyote: ndani kusiwe na rangi ya waridi, na maji yake yawe meupe. Toa, weka kwenye sahani SAFI, si ile iliyokuwa na nyama mbichi. Rudia kwa nusu iliyobaki pamoja na ini. Ini nalo liive hadi ndani.

3. Ongeza mafuta vijiko 2. Tia vitunguu maji, saumu na tangawizi. Geuza dakika 1.

4. Tia karoti, dakika 2. Tia kabichi na hoho, dakika 2 nyingine. Moto uwe mkali, mkono usilale.

5. Rudisha nyama, ini na firigisi. Tia nyanya. Koroga unga wa ngano katika nusu kikombe cha supu iliyopoa, umimine. Acha ichemke dakika 2, mchuzi uwe mzito kidogo.

6. Tia chainizi na chumvi. Dakika 1 tu, majani yakilegea yakiwa bado ya kijani, epua. Kamulia ndimu baada ya kuepua, ili vitamini C yake isiungue.

Umeona? Tangu karai lipate moto haizidi dakika 20. Kula na ugali, wali au viazi. Ugali wa dona au wa ulezi una madini na vitamini kuliko wa sembe iliyokobolewa. Chai iache kwanza, inywe saa moja au mbili baadaye. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini chuma. Ndimu, nyanya na nyama, kinyume chake, husaidia kuyanyonya yale yaliyomo kwenye mboga na maharage.

NANI ANAKULA NINI?

Sasa tuparudie pale penye siri. Katika nyumba nyingi kuku ana ramani yake. Firigisi ni ya baba. Mapaja ni ya wageni au wanaume. Mama anabaki na shingo, watoto wanachovya mchuzi. Hatusemi kwa dharau. Kumheshimu baba ni jambo jema, na mila hiyo ina watu wake. Lakini tukipiga hesabu ya mwili, tunaona kitu. Sehemu ya kuku yenye madini chuma na vitamini A nyingi kupita zote ni ini. Na nani nyumbani anahitaji madini chuma zaidi? Ni mama mjamzito, dada anayepata hedhi, na mtoto anayeanza kula. Hao hao ndio wanaopata shingo na mchuzi.

Upishi wa karai unasaidia bila ugomvi. Nyama, ini na firigisi vikishakatwa vidogo na kuchanganywa na mboga, hakuna tena paja la kugombea. Kila kijiko kinabeba nyama, karoti na majani. Karai halibagui. Ila usiwafanyie wazazi kitu cha kushtukiza. Ongea kwanza: "Mama, shuleni tumejifunza upishi fulani, naomba Jumapili nijaribu. Baba, tutakukatia firigisi yako humo humo, uonje." Akionja, nusu ya kazi imekwisha.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 naye ana fungu lake. Chota sehemu yake kabla hujatia chumvi, ikate na kuiponda hadi ilainike kabisa, changanya na uji mzito au ugali laini. Usimpe kipande kigumu cha nyama au karoti, kinaweza kumkaba. Na aendelee kunyonya.

Na wewe kaka unayesoma ukijifanya hayakuhusu: jeshini wanaume wanapika, hotelini wanapika, na wavulana waliopanga vyumba karibu na shule wanapika, tena wengine wanaishi kwa ugali na chumvi kwa kutojua tu. Kupika hakumpunguzii mtu uanaume. Njaa ndiyo inayompunguzia.

TAHADHARI YA JIKO

Mwezi Juni na Julai Ufipa kuna baridi kali, na watu hupenda kuingiza jiko la mkaa chumbani baada ya kupika. USIFANYE HIVYO! Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na haikuamshi. Inakulaza moja kwa moja. Pikia nje, au mahali penye mlango na dirisha wazi, na jiko lilale nje. Jifunike blanketi la pili.

Mafuta yakishika moto usimwagie maji. Funika karai kwa mfuniko na upunguze moto.

"KWETU HAKUNA KUKU WA KUCHINJA"

Ni kweli, kuku ni fedha ya daftari na sare. Basi tumia mbinu ile ile kwa vitu vingine: mayai mawili yaliyovurugwa, maharage yaliyokwisha kuiva, dagaa wa Ziwa Tanganyika, au karanga zilizotwangwa. Mboga ni zile zile, karai ni lile lile. Wewe uliyepanga geto, mayai mawili na fungu la mchicha vinakutosha kwa chakula cha jioni.

Tena kuku mnaoweza kuwaongeza wenyewe. Ugonjwa unaomaliza kuku wa kienyeji ni mdondo. Hauna tiba, ila una chanjo ya tone la jichoni. Tone moja kwa kila kuku, kisha mnarudia kila baada ya miezi 3. Muulizeni afisa mifugo wa kata. Majirani wakichanja siku moja, dawa moja inatosha kuku wa nyumba nyingi na gharama inagawanyika.

JIPIME

1. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Sumbawanga kuliko Dar es Salaam?
2. Taja sababu mbili za kukata mboga kabla ya nyama mbichi na baada ya kuziosha.
3. Mkoa una mahindi mengi, watoto wamedumaa. Mweleze jirani yako kwa sentensi tatu jinsi inavyowezekana.
4. Juma hili, andika kila siku ulichokula jioni. Ni siku ngapi ulikula mboga ya kijani? Na ni siku ngapi ulikula nyama, samaki, yai au maharage?

Swali la nne usimwonyeshe mtu kama hutaki. Lakini likikuonyesha siku saba za ugali na mchuzi mtupu, unajua pa kuanzia. Karai lipo, bustani nyuma ya nyumba inawezekana, na mikono unayo. Kazi kwako!